Usiitupe laptopu yako kuukuu, muulize mama yangu!

  Nipo hapa hapa Buguruni, nabangaiza kama kawaida.

Wiki hii naomba tuyaweke kando kidogo yale mambo yetu ya mapenzi. Nimesema kidogo, maana kisa chenyewe kimeanzia huko huko.

Nilikuwa na mchumba. Kijana mtanashati, maneno matamu, kila wiki ana mzigo unaokaribia kutoka bandarini. Mwanzoni mwa mwaka 2025 alinikopa sh. 80,000 akaniambia, "Mpenzi, nipe wiki mbili tu." Wiki mbili zikawa miezi miwili. Nilipombana akaniletea begi jeusi lililochanika zipu, ndani mna laptopu. Akasema niishike kama rehani. Basi bwana, tangu siku hiyo akaingia mitini. Simu hapokei, ujumbe hajibu, na mzigo wa bandarini sijui uliishia bahari gani.

Nikabaki na rehani yangu. Dell Latitude D630, nzito kama tofali, mfano uliotoka mwaka 2007. Betri ilikuwa imekufa kabisa, ukichomoa waya tu inazima papo hapo. Kibodi haina herufi Q. Ndani ina Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili 2014. Nikiwasha, naenda kubandika chai, nachuja, nakunywa, narudi, bado inajifikiria.

Nikaipeleka Kariakoo. Fundi akaigeuza mara mbili, akanitazama kwa huruma. "Dada, hii kwa kweli ni chuma chakavu. Niachie kwa sh. 15,000 nitoe spea."

Nusura nikubali, nisikufiche. Kilichonizuia si akili, ni hasira tu. Niliona kukopwa 80,000 halafu kuuza kwa 15,000 ni kama kumchekea yule bwana mara ya pili. Nikaibeba nikarudi nayo nyumbani, nikaisukumia chini ya kitanda.

Ingekuwa humo mpaka leo kama si yaliyomkuta mama yangu.

MWENYE KALAMU NDIYE MWIZI

Mama ni mshonaji. Ana cherehani moja kibarazani, na ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne. Pia ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wako 24, walianza mwaka 2019, wanakutana kila Jumamosi na kununua hisa za sh. 2,000. Kama unavijua vikundi hivi, sanduku la fedha lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Lakini daftari kubwa analiandika mtu mmoja, naye ndiye mama.

Jumamosi moja ya Juni 2025 walifanya hesabu ya nusu mwaka. Fedha za hisa zilizokuwa sandukuni, pamoja na zile zilizokuwa kwa wakopaji, zilifika sh. 1,908,000. Daftari likasema zinatakiwa kuwa sh. 2,106,000. Pungufu sh. 198,000.

Unawajua watu wetu. Hakuna aliyeuliza kufuli. Wote waligeuza shingo kumtazama mwenye kalamu. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini ambayo kila mtu anaisikia, "Ndiyo maana kabadilisha mapazia."

Mapazia hayo alishona mwenyewe kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja!

Mama hakujitetea. Aliomba mwezi mmoja. Usiku akaniita kibarazani akaniambia, "Mwanangu, kuna mtu Ilala anataka cherehani. Nikiiuza, nitalipa na jina langu litabaki."

Nikamwuliza, "Mama, umezichukua?"

Akanitazama. Hakunijibu, akaingia ndani.

Msomaji wangu, swali lile linaniuma mpaka leo. Watu wa mtaani wakimshuku mama yako, unavumilia. Ukimshuku wewe uliyekula jasho la cherehani ile, unalala vipi? Mie sikulala. Saa nane za usiku nikainama, nikaivuta ile laptopu chini ya kitanda.

KUIFUFUA MAITI

Nilikuwa na wazo moja tu, kuliingiza daftari lote kwenye kompyuta na kuiacha ijumlishe yenyewe. Kwa simu ningeweza kujumlisha, lakini tarakimu mamia kwa mamia ukikosea moja katikati unaanza upya. Nilitaka kuziona zote zimejipanga mbele yangu.

Tatizo mashine haikufaa kwa chochote. Ile XP ilikuwa haina programu ya hesabu, na kwenye intaneti haikuweza kufungua karibu ukurasa wowote. Asubuhi nikaenda kwa binamu yangu anayefanya kazi steshenari. Akanicheka kwanza, halafu akanieleza jambo ambalo nataka ulishike vizuri.

Akasema, "Dada, kompyuta kuukuu mara nyingi haijafa. Kilichokufa ni programu inayoiendesha. Mashine ya 2007 haiwezi kubeba mzigo wa leo, basi usiibebeshe. Ipe programu nyepesi, uipe na kazi moja."

Programu hiyo nyepesi ni moja ya jamii ya Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi huko Finland. Leo matoleo yake yapo chungu nzima, na mengi ni ya bure kabisa, yaani hununui, huibi, na wala hutafuti zile namba za kufungulia ambazo mafundi wanazipitisha kama bangi.

Kwa mashine yangu yenye kumbukumbu, ile mafundi wanayoiita RAM, ya GB 2, binamu alichagua antiX. Toleo lake la 23, la mwaka 2023, lipo la biti 32 kwa mashine za zamani sana na la biti 64 kwa kama yangu. Akasema ningekuwa na RAM ya GB 4 angeniwekea Linux Mint ya Xfce, ambayo ni laini zaidi kwa mtu aliyezoea Windows. Wenyewe wa Mint wanasema GB 2 ndiyo kima cha chini, lakini GB 4 ndiyo raha yake.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, nawe unaweza kuifanya.

Kwanza, unatoa vitu vyako vyote unavyovitaka kwenye laptopu. Picha, barua, nyimbo, toa vyote uweke pengine, maana ukikosea hatua moja vinafutika.

Pili, unapakua faili la Linux kwenye kompyuta ya mtu mwingine, halafu unaliandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ndogo ya bure iitwayo Rufus. Kulinakili tu kama unavyonakili wimbo hakutoshi, laptopu haitawaka nalo. Na flashi yenyewe inafutwa yote, kwa hiyo usitumie ile yenye picha za harusi ya shangazi.

Tatu, unaichomeka flashi kwenye laptopu iliyozimwa, unawasha huku unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell ni F12. Kwa nyingine ni Esc au F9, inategemea.

Nne, na hii ndiyo tamu yake, unaweza kuijaribu Linux ikiwa ndani ya flashi bila kugusa chochote kwenye diski. Angalia sauti inatoka? Kipanya kinatembea? Intaneti inashika? Ikikupendeza ndipo unaisakinisha. Isipokupendeza, unachomoa flashi, kila kitu kinabaki kilivyokuwa. Niambie fundi gani wa kupiga windo anakupa ofa hiyo.

Kwangu intaneti isiyo na waya ilinisumbua. Binamu akachomeka simu yangu kwa waya wa chaja, akawasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, ikashika palepale. Ulikuwa ujanja mdogo, lakini ulituokolea siku nzima.

Gharama zangu? Flashi sh. 10,000 na soda mbili. Laptopu iliyokuwa inangoja chai ichujwe, sasa inawaka kabla sijamaliza kufunga kanga.

TARAKIMU ZILIZOPISHANA

Ndani ya antiX kamili kulikuwa na LibreOffice. Hii ni programu ya bure yenye sehemu ya kuandikia barua na sehemu ya mahesabu, na inafungua hata mafaili ya Excel. Imeanza kuitwa hivyo mwaka 2010 ilipojitenga na OpenOffice. Na hapa nikupe la kujivunia. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa OpenOffice ya Kiswahili ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo usije ukaambiwa haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Watu wetu walikuwemo zamani, sie ndio tulikuwa hatuna habari.

Nikakaa na daftari la mama. Wanachama 24, wiki 19, jumla vyumba 456 vya kujaza. Majina upande wa kushoto, tarehe juu, hisa katikati. Chini ya kila safu ukiandika alama ya sawasawa, SUM, na kuonyesha vyumba vya kujumlisha, inajumlisha yenyewe. Usiku wa kwanza umeme ulikatika. Na kwa kuwa betri ni maiti, nikapoteza ukurasa mzima, nikalia kama mtoto. Tangu hapo nikajifunza kubonyeza Control na S kila nikimaliza mstari. Control na S, msomaji. Iandike ukutani.

Usiku wa tatu nikamaliza. Jumla ikatoka sh. 1,908,000.

Nikadhani nimekosea. Nikahakiki mstari kwa mstari. 1,908,000. Ni zile zile zilizokuwa sandukuni na kwa wakopaji, senti kwa senti. Kumbe fedha hazikupungua! Daftari ndilo lililozidi!

Sasa limezidia wapi? Nikaanza kulinganisha jumla ya kila ukurasa na ile ya kompyuta. Ukurasa wa kumi na mbili chini mama kaandika 1,284,000, sawasawa kabisa. Ukurasa wa kumi na tatu juu, pale anapohamisha jumla, kaandika 1,482,000. Mbili na nne zimepishana njiani. Toa moja kwa nyingine unapata 198,000. Kuanzia hapo kila jumla ilibeba uongo ule mpaka mwisho wa daftari.

Binamu baadaye alinifundisha siri ya wahasibu. Ukikuta tofauti inayogawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, shuku kwanza kwamba kuna tarakimu zilizobadilishana nafasi. Gawa 198,000 kwa 9 uone, utapata 22,000 kamili. Kama ningelijua hilo mapema ningelala siku tatu zile.

Nikamwamsha mama. Alitazama ukurasa wa kumi na tatu muda mrefu, akasema, "Siku hii umeme haukuwepo. Niliandika kwa mshumaa." Kisha akaupitishia kidole ule mwandiko wake, taratibu. Nikamwomba radhi kwa lile swali. Akasema, "Nenda kalale, mwanangu." Lakini alisema kwa sauti yake ya siku zote.

KIKAO CHA MWAKA 2007

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Thubutu!

Nikaipanga hesabu vizuri, nikaigeuza kuwa PDF, kwani LibreOffice inafanya hivyo kwa kubonyeza tu, nikaipeleka steshenari kwenye flashi, nikachapisha kurasa nne. Juu kabisa nilikuwa nimeweka fomula ya kuandika tarehe ya siku yenyewe, ili nionekane msomi.

Jumamosi mama akaomba niingie kikaoni. Mwenyekiti akaniruhusu. Nikagawa karatasi. Kimya. Halafu yule mama wa mapazia akavaa miwani, akasoma juu, akacheka.

"Mama Mwenyekiti, naomba niulize. Hapa pameandikwa tarehe mosi Januari 2007. Kikundi chetu kimezaliwa 2019. Huyu binti anatuletea hesabu za kikundi gani?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke! Kina mama wakaanza kunong'ona. "Si unaona, kazitunga." "Hata kompyuta inadanganya."

Sikuelewa kabisa. Baadaye ndipo nilipojua. Ndani ya laptopu nyingi mna kibetri kidogo kinachotunza saa wakati mashine imezimwa. Kikifa, na betri kubwa nayo imekufa, ukichomoa waya saa inarudi nyuma miaka mingi. Yangu ilikuwa imerudi 2007. Na hiyo ndiyo sababu nyingine inayofanya laptopu kuukuu zikatae kufungua kurasa za intaneti. Kurasa zenye ulinzi hukagua tarehe, na mashine inayodhani ni 2007 inaona vyeti vyote vya usalama ni vya siku ambazo hazijafika. Watu wanalaumu mtandao kumbe ni saa.

Aliyetuokoa ni Mwenyekiti, mama mtu mzima asiyejua kuwasha hata redio ya mjukuu wake. Akagonga meza. "Tuache karatasi ya binti. Kila mmoja hapa ana kitabu chake cha hisa mkononi. Kitoe, usome jumla yako kwa sauti."

Wakasoma mmoja mmoja. Wawili wakawa wanajumlisha kwa simu, mie nafuata kwa kidole kwenye karatasi yangu ya 2007. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Walipofika kwa yule mama wa mapazia, akasoma chake polepole, nacho sawa. Ishirini na nne wote. Jumla sh. 1,908,000.

Ndipo mama akafungua daftari ukurasa wa kumi na mbili na wa kumi na tatu, akawaonyesha. Akasema, "Kosa ni langu, mkono wangu. Lakini fedha zenu zote zipo."

Hakuna aliyepiga vigelegele, haya si maigizo. Mmoja tu akasema "Mungu mkubwa," na Mwenyekiti akaagiza ukurasa ule urekebishwe na wote watatu wenye funguo waweke saini. Yule wa mapazia hakuomba radhi. Ila wiki iliyofuata alimletea mama kitambaa cha kushona, akalipa bei kamili bila kuomba punguzo. Kwa Buguruni, hiyo ni radhi tosha.

Nami nasema wazi, kompyuta haikumsafisha mama. Vitabu vya wenyewe ndivyo vilivyomsafisha. Kompyuta ilituonyesha pa kutazama, basi. Lakini bila kujua pa kutazama, cherehani ingekuwa Ilala saa hizi.

MPE KAZI MOJA, HALAFU YA PILI

Tangu siku ile laptopu haikurudi chini ya kitanda. Na kwa kuwa nawajua wasomaji wangu, najua kuna mwenye moja kama hiyo juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Pengine si kuukuu hata kama yangu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na laptopu nyingi hazina sifa za kupokea Windows 11. Utaambiwa imekufa. Kabla ya kuizika, sikiliza tunavyoitumia yetu.

Asubuhi ni daftari la kikundi. Mama mwenyewe anaingiza, kidole kimoja kimoja kama kuku anayedonoa. Daftari la karatasi bado analiandika, tunalinganisha kila Jumamosi. Nakala ya faili ipo kwenye flashi na nyingine nimeitunza kwenye barua pepe yangu, maana diski ya miaka mingi haina ahadi. Ikianza kutoa mlio wa tik-tik, kimbiza vitu vyako.

Mchana ni taipureta yangu. Safu hii unayoisoma nimeiandikia humo, bila Q, na bahati nzuri Kiswahili hakiihitaji. Watu wa mtaani nawachapia barua za maombi ya kazi na kadi za mchango. Si utajiri, lakini mboga inapatikana.

Jioni mdogo wangu wa kidato cha pili anasoma Kiwix. Hii ni programu ya bure inayofungua Wikipedia bila intaneti. Unapakua faili mara moja tu, kwa mfano lile la Wikipedia ya Kiswahili ambalo linaingia kwenye flashi ya kawaida, basi unasoma mpaka uchoke bila kununua bando. Siku hizi ananisahihisha mezani, kazi kwelikweli.

Na jambo ambalo sikulitegemea ni ule mlango wa DVD. Laptopu mpya nyingi hazina. Yangu inao, na bado unasoma. Mtaa mzima una harusi, ubarikio na maulidi za miaka ya 2000 zimelala kwenye sahani za DVD ambazo hakuna tena deki ya kuzichezea. Wananiletea, nazihamishia kwenye flashi, natoza sh. 3,000. Bibi mmoja wa jirani aliniletea ya mwaka 2008, ndani yake mna marehemu mumewe anacheza. Alikaa kwenye mkeka wetu akaiangalia mara tatu. Hiyo sikumtoza.

Usiyoweza kuitarajia nayo nikwambie, ili usije ukanitukana. Filamu zenye picha ya kiwango cha juu zinakwamakwama. Kurasa za intaneti zenye madoido mengi zinaichosha, fungua moja moja. Na tafadhali, mambo ya benki na nywila zako usiyafanye kwenye XP wala programu yoyote iliyokwisha kuachwa na wenyewe. Mlango usio na mlinzi, mwizi hahitaji kubisha.

Ukiwa na vijisenti, nunua hivi kwa mpangilio huu. Kwanza kile kibetri cha saa, ni bei ya chipsi. Pili RAM, hakikisha ni ya aina ya mashine yako, yangu inatumia DDR2 na ya DDR3 haiingii hata ukiibembeleza. Tatu diski ya SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka. Hiyo ndiyo dawa kubwa ya uzito kuliko zote, ilimradi laptopu yako ina soketi ya SATA. Mie nimefika kwenye kibetri tu, na sasa karatasi zangu zinasoma mwaka wa watu wazima.

Nisikuchoshe. Nimalizie na yule bwana wa bandarini. Habari zilimfikia, unaijua Dar. Wiki mbili zilizopita simu ikaingia ujumbe: "Mambo mrembo. Nasikia ile mashine yangu inapiga kazi. Nikuletee 80,000 yako niichukue?"

Nikampelekea mama asome. Alikuwa anaingiza hisa za Jumamosi, hakuinua hata macho.

"Mwambie riba ya kikundi ni asilimia kumi kwa mwezi. Apige hesabu mwenyewe. Akishindwa, kompyuta tunayo."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Na Control na S, usisahau.